Nilichagua Breki za Chuma

Nakutegeeni, na msichungulie jibu kwa jirani: ana miguu minne ya duara, kukimbia hakumchoshi hata chembe, kinachomchosha ni kusimama. Nani huyo?

Mmesema farasi? Farasi mwenye miguu ya duara mmemwona wapi nyie! Ni gari, wajukuu zangu. Gari halichoki kwenda, linachoka kusimama. Mimi Wadima binti Obeid, niliyeishia darasa la sita, hilo nimelijua kwa machozi.

Kwa ambaye wiki jana kisa hiki gazetini kilimpita, ni hivi. Mjukuu wangu Matar, mtoto wa marehemu mwanangu Ghanim, alilipeleka gari lake la mbio kwa fundi wa matairi wa kando ya barabara, kwa zile haraka zake. Fundi akavua gurudumu, likamponyoka, likagonga diski ya breki.

Diski za gari lile si za chuma kama za magari ya watu wengine. Ni za kauri. Moto haziuogopi, lakini ukizigonga umezikosea adabu. Ikamegeka ukingoni, kipande kama ukucha wa kidole gumba.

Abu Jawad, Msyria mwenye gereji kubwa karibu na bandari, akaangalia mara moja tu, akafunga geti. Akasema gari halitoki. Hapo ndipo nilipowaachia.

Basi nikaenda mwenyewe gereji. Kwetu matumizi makubwa hayapiti bila neno langu, ndivyo alivyousia Ghanim, mradi watoto wake wako chini ya mkono wangu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, chai ikaletwa, Matar kasimama pembeni anazungusha tasbihi kidoleni.

"Kipande kidogo hivi," Matar alisema. "Si kinapigwa msasa tu?"

"Jino lako likimegeka unalipiga msasa?" Abu Jawad akamuuliza.

"Watu wanapiga."

"Basi nenda kwa daktari wa meno akufungie breki."

Nilicheka mpaka barakoa yangu ya kizee ikanipanda puani. Abu Jawad hakucheka. Aliniinamia akasema, "Mama Ghanim, sikiliza. Mambo ni mawili. Nifunge kauri tena, mpya. Au nizitoe zote nne niweke za chuma, pamoja na pedi zake, zile zinazoibana diski. Kuchanganya hakuna. Pedi ya kauri na diski ya chuma hazielewani, kama wake wenza."

"Tofauti yake nini, baba?"

"Kauri haichoki kwa joto. Unashuka Jabali Jais kutoka kileleni mpaka chini, mguu haubanduki kwenye breki, na kona ya mwisho inakukamatia kama ya kwanza. Tena ni nyepesi, haina kutu, haina vumbi jeusi. Lakini ikigongwa ndiyo hivyo umeona. Na bei yake..." Akataja bei. "Kwa fedha hizo kijana anaoa, na wageni wanakula ngamia."

"Na chuma?"

"Chuma kizuri, ukishuka kama binadamu, kinakutosha. Ukishuka kama umefukuzwa, kwanza kitakuambia kwa harufu. Halafu usukani utatetemeka. Halafu kanyagio litakulainikia mguuni kama godoro. Baada ya hapo hakikuambii kitu tena."

Sikuuliza zaidi. Hilo la mwisho nilikuwa nalijua.

Ghanim alishuka mlima ule ule na pikapu kuukuu lililobeba tangi la maji. Waliokuwa nyuma yake walisema walisikia harufu tangu kona za juu. Wakampigia honi. Naye, mwanangu, alidhani wanamsalimia, akawapungia mkono.

Abu Jawad alikuwa amefungua mlango wa gari, amechungulia ndani. Akatoa kichwa.

"Nani anaendesha gari hili?"

"Swali gani hilo?" Matar akasema.

"Swali la fundi. Breki nachagua kwa mguu wa mtu. Kuna anayekanyaga kama anaua nge, kuna anayekanyaga kama anabembeleza mtoto. Na kiti hiki kimesogezwa mpaka kwenye usukani. Wewe, na miguu hiyo ya korongo, unaingiaje humu?"

"Abu Jawad, shughulika na magurudumu."

"Nimeuliza nani anaendesha."

"Na mimi nimesema shughulika na magurudumu."

Nikamkemea. "We Matar! Unamjibu hivyo mtu mzima?" Akamwomba radhi, tukaondoka. Nilidhani ni ubishi wa wanaume tu. Swali likabaki pale gereji, nami sikugeuka nyuma kuliokota.

Alasiri ile ile akaja mwanangu mdogo, Hazaa, ami yake Matar. Hazaa ni mtu wa kuingia sebuleni sauti yake ikiwa imeshakaa kabla yake.

"Mama, nimesikia mnafikiria chuma! Chuma! Si bora mumfungie kamba avute kwa mkono?"

"Kaa kwanza unywe kahawa."

"Kahawa ya nini? Gari kama lile unalitia diski za chuma? Watu watamchungulia kwenye magurudumu, wataona, watacheka mpaka Fujaira."

"Watu gani hao wanaochungulia magurudumu ya mwenzao?"

"Wote, mama! Sasa hivi hakuna anayetazama sura ya mtu. Wanatazama breki."

Afra, mdogo wake Matar, alikuwa jikoni anakaanga kaimati, mlango wazi. Huyu ndiye mtulivu wangu, anasomea ufamasia, mfupi kama mimi, hata mlango akiufunga husikii. Akasema akiwa huko huko, "Ami, wenye kushindana kwelikweli wengine wanarudi kwenye chuma. Kauri ikiharibika uwanjani ni hasara."

"We kaanga kaimati!" Hazaa akamwambia. "Uwanjani umefika lini?"

"Nimesoma tu."

"Soma dawa, binti. Tuumwe, ututibu."

Tukacheka. Halafu Hazaa akaweka kikombe chini na sauti ikamshuka. "Mama, chuma ndicho kilichomuua kaka yangu."

Mafuta yalikuwa yanachemka jikoni, tunayasikia.

Nikamgeukia Matar. "Nambie mimi bibi yako. Gari hili unalitakia nini hata ulie na breki hivi? Kazini kwako hakuna mlima. Sokoni hakuna mlima."

Akainamisha kichwa. "Ijumaa asubuhi kuna kushuka, bibi. Magari mawili, kutoka juu mpaka chini. Wa kwanza kufika ndiye."

Nikaweka kikombe chini.

"Mlima gani?"

Mlima sisi tunao mmoja.

"Utakwenda kumwambia huyo mwenzako kwamba haiwezekani."

"Neno limeshatolewa, bibi."

"Limetolewa na nani?"

"Limetolewa tu. Halirudi."

"Haya, nakutegea," nikamwambia, maana nikiogopa mimi hutega. "Nyumba yangu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea haina."

Matar akajibu, "Kaburi."

"Kumbe unaijua! Basi baba yako yumo. Unataka kumfuata?"

"Bibi, gari si pikapu. Likipata kauri..."

"Likipata kauri nini? Mlima utalala chini?"

Hazaa akadakia. "Mama, kama neno limetolewa, limetolewa. Utamzuia vipi kijana mwenye ndevu? Bora umpe kilicho bora arudi salama. Mpe kauri. Mimi nitachangia."

Wallahi, maneno yake yalikuwa na akili. Mimi mwenyewe nilikaribia kukubali. Usingizi haukuja mpaka karibu na alfajiri. Nilikuwa nageuza moyoni kama mtu anayegeuza mkate mwembamba juu ya bamba, upande huu, upande huu.

Nikajiambia: mtoto mwenye breki zisizochoka ataona mlima mwepesi. Ataingia kona kwa kiburi. Lakini mwenye breki za chuma, kila kona atamkumbuka baba yake. Atanusa hewa. Ataogopa. Na anayeogopa hupunguza.

Kulipokucha nikampigia Abu Jawad.

"Weka chuma."

"Umeamua mwenyewe, Mama Ghanim?"

"Mwenyewe."

"Dereva anajua?"

"Atajua."

Nilipowatangazia mezani, tunakula tambi na mayai, Hazaa alisukuma sahani. "Mama, umemvua nguo kijana hadharani!" Nilijiandaa Matar anipigie kelele. Nilishapanga hata jibu.

Lakini Matar aliinuka, akanibusu paji la uso na pua. "Sawa, bibi. Umefanya sawa."

Hakukasirika hata kidogo! Mtu niliyemnyima kitu cha moyo wake, ananibusu! Aliyeshtuka alikuwa Afra. Birika la maziwa lilimponyoka, likamwagika sakafuni lote, akawa anafuta bila kuinua uso.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Moto tu, bibi. Limeniunguza."

Nikampaka asali kidoleni, nikasahau.

Alhamisi gari likaja. Abu Jawad alilileta mwenyewe, likasimama uani chini ya kivuli cha mti wa mghafi, mbuzi wangu wakalizunguka wanalinusa. Matar alikuwa kazini. Abu Jawad hakukubali kahawa, alikuwa na haraka, lakini alinikazia macho.

"Mama Ghanim, sikiliza hili vizuri. Diski ni mpya na pedi ni mpya. Bado hazijuani. Lazima zizoeshwe kwanza. Barabara tupu, mwendo wa kati, anapunguza taratibu, anaachia, anapunguza, anaachia, mara nyingi. Kisha analiacha lipoe kabisa. Hapo ndipo zinakamatana."

"Na asipozizoesha?"

"Mjini atafika nyumbani. Lakini akizipeleka mlimani hivi zilivyo, zitaungua mara ya kwanza tu. Pedi zitang'aa kama kioo, hazitashika. Mwambie anayeendesha. Usisahau."

"Sitasahau."

Na sikusahau, wajukuu zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nililikumbuka neno kwa neno.

Ila Abu Jawad alipoondoka nilisimama pale uani, ufunguo mkononi, nikawaza. Kama nitamwambia Matar, jioni hii hii atalitoa gari, atazizoesha breki, na kesho alfajiri atakuwa tayari. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemtayarisha. Na kama ufunguo haupo? Nani atakwenda popote? Kesho itapita, mwenzake atamcheka, wiki ijayo watacheka kitu kingine.

Hapo hapo Afra akatoka ndani, anafunga shela yake.

"Bibi, fundi amesema nini?"

"Amesema limepona."

"Breki zikoje?"

"Breki safi."

"Pedi zimebadilishwa zote? Hazihitaji kitu chochote?"

"Wewe na pedi wapi na wapi, binti? Safi nimekwambia. Nenda kaangalie wali."

Alinitazama kidogo. Kisha akatabasamu, akanishika mkono akaubusu, akaingia ndani.

Nami nikalifunika gari turubai. Nikalizungushia ubani pande zote, magurudumu yote, kwa jicho la watu. Ufunguo nikautia chini kabisa ya sanduku langu la nguo, chini ya chupa za udi, nikakaa juu ya sanduku kama kuku anayeatamia. Matar alirudi jioni. Nilimsubiri aulize ufunguo. Hakuuliza. Alikula, akamsemesha Afra chinichini mlangoni, akaenda kulala.

Nilimshukuru Mungu nikajiona mjanja. Bibi wa darasa la sita kawashinda wenye magari.

Ijumaa niliswali, nikajilaza kidogo. Nilipoamka jua limeshatoka, linapiga kwenye mabati ya banda la mbuzi. Nyumba kimya. Nikachukua ndoo ya maganda ya tikiti niwapelekee mbuzi, nikatoka uani.

Turubai lilikuwa chini, limelala kama gamba alilolivua nyoka. Gari halipo.

Ndoo iliniponyoka. Nilirudi ndani mbio, mimi ambaye magoti yangu hata ngazi yanaikataa. Nikatupa nguo, nikatupa chupa za udi. Ufunguo upo! Upo pale pale, chini, vile vile nilivyouweka.

Nilikaa sakafuni ufunguo mkononi. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angelikumbuka: gari linauzwa na funguo mbili.

"Matar!" nililia. "Matar, mwanangu, Matar!"

"Naam, bibi."

Sauti ilitoka upande wa barazani. Nikaenda nikijishika ukutani. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, simu mkononi, uso ameuelekeza milimani.

Nilimwangukia. Nilimshika kichwa, mabega, nikamnusa kama mbuzi anavyomnusa mwanawe. Mzima! Yupo nyumbani! Mjukuu wangu hakwenda!

"Umeghairi!" nikasema. "Alhamdulillahi, umeghairi, umemsikia bibi yako!"

Na mimi, kwa furaha, sikumwachia nafasi ya kusema.

"Basi gari limeibiwa! Na liibiwe! Aliyelichukua na alifaidi, na aanguke nalo huko huko!"

"Usilaani, bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilaani, kwa nini nisilaani? Tena mwizi mwenyewe hajui alichoiba! Akijaribu kupanda nalo mlima ataona. Breki zile hazijazoeshwa! Abu Jawad alinambia jana, zikipelekwa mlimani vile zilivyo zinaungua mara ya kwanza, hazishiki kitu. Mimi nikanyamaza, nikasema ukikosa ufunguo..."

Nikaishia hapo, kwa sababu ya uso wake. Sijawahi kuona damu ikimtoka mtu usoni upesi namna ile. Hata midomo ilipauka.

"Umesema nini?"

"Nimesema hazijazoeshwa."

"Bibi, jana umesema safi. Umesema breki safi, hazihitaji kitu."

"Hilo nilimwambia Afra, sikukwambia wewe."

Alikuwa ameshaanza kupiga simu. Aliweka sikioni. Akashusha. Akapiga tena. Hata mimi nilimsikia yule mwanamke wa kwenye mashine akisema kwamba simu haipatikani. Kule juu, kwenye kona zile, mtandao haufiki. Sote tunajua.

"Matar," nikasema.

Anapiga.

"Matar! Niangalie."

Akanyanyua uso. Machozi yalikuwa yamemjaa, mwanaume mzima mwenye ndevu.

"Nani anaendesha gari?"

Akaishusha simu. Nyuma yangu nyumba ilikuwa kimya, jikoni hakuna mtu, moto haujawashwa.

"Ni Afra, bibi," akasema. "Mwenye neno ni Afra, tangu mwanzo. Mimi nilikuwa namfichia tu, ili usimzuie."